Nilimfundisha Kuwinda Maneno

Mimi ni mtu niliyejitengeneza mwenyewe. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu nilipoondoka Kitale hakuna mjomba aliyenifungulia mlango wala mbunge aliyeniandikia barua. Nilitoka na begi moja na matokeo yangu ya kidato cha nne. Miaka sita baadaye nikarudi kutoka Birmingham na diploma mbili, moja ya huduma za wazee na nyingine ya usimamizi, zote nikizisomea huku nafanya kazi. Leo nina chuo changu kidogo cha kufundisha wahudumu wa afya, na walimu wakuu hunialika siku za zawadi niwaambie watoto jinsi mtu anavyofaulu. Nina visa vingi vya kuwasimulia, na vyote ni vya kweli. Hiki cha Mchina sijawahi kuwasimulia.

Nilikuwa nimepanga chumba mtaani Hodge Hill, katika nyumba ya mwanamke wa Kisomali aliyezaliwa na kukulia Eastleigh, Nairobi, akapitia Uholanzi kabla ya kufika Birmingham. Alikuwa mjane, na wapangaji wake walikuwa wanawake peke yao. "Mwanamume akitaka chumba," alikuwa akisema, "aende kwa mwanamume mwenzake." Mchana alikuwa akienda Balsall Heath kukaanga na kuosha katika jiko la mkahawa, na asubuhi alikuwa wetu, pamoja na chai yake ya iliki na ulimi wake. Nilimwita mama. Yeye aliniita Madam, na si kwa heshima peke yake.

Msichana wa Kichina alikuja kukaa katika kile chumba kidogo kilichokuwa juu ya mlango wa mbele. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mtoto wa pekee, kutoka mji wa bara ambao jina lake sikuweza kulitamka hata aliponitamkia mara nne. Alikuja kusomea uhandisi wa majengo. Hesabu kwake zilikuwa kama kunywa maji. Lakini chuo kilikuwa kimemweka kwanza katika mwaka wa matayarisho, na sharti lilikuwa moja: apite mtihani wa Kiingereza, sehemu zote nne, kabla mwaka haujaisha. Kuzungumza alipita, kuandika na kusikiliza pia. Kusoma na kufahamu kulimwangusha mara mbili. Ilikuwa Januari aliponiambia hayo, tukiwa mezani jikoni. Alikuwa amebakiwa na mtihani mmoja tu, mwishoni mwa Aprili. Akianguka, chuo kinamwondoa kwenye orodha, na ruhusa yake ya kukaa Uingereza inakufa.

Nilikuwa nimeshaona jinsi anavyosoma. Kila siku saa moja asubuhi alitoka akaenda bustani ya nyuma, koti juu ya nguo za kulalia, akasimama kati ya mapipa ya taka na kamba ya nguo, akasoma kwa sauti. Habari moja aliisoma mara tatu, mara nne, pumzi ikimtoka kama moshi, kidole kikifuata mstari. Aliniambia kwao shule nzima husimama hivyo kabla ya somo la kwanza, kila mtu na kitabu chake, kelele hadi barabarani. Akirudi ndani alikaa na kalamu nyembamba, akaandika herufi ndogo za Kichina juu ya kila neno asilolijua, mpaka ukurasa ukaonekana umevamiwa na siafu. Habari moja ilimchukua siku mbili.

Mama mwenye nyumba alipenda sana jambo hilo. Alikuwa akisimama dirishani na kikombe chake, akitikisa kichwa.

"Hivi ndivyo tulivyosoma duksi, chuo chetu cha Kurani, Madam. Ubao mkononi, mdomo unafanya kazi, mpaka aya ikae hapa." Akajipiga kifuani. "Huyu mtoto ana adabu ya kitabu."

"Mama, mtihani hauulizi adabu. Una dakika sitini, habari tatu, maswali arobaini."

"Basi mfundishe wewe, uliyezaliwa na kitabu tumboni."

Nilimfundisha. Hakuniomba, nilijitolea mwenyewe, na lazima nieleze kwa nini. Katika shule yangu ya msingi, mwalimu wa Kiingereza alitembea na rula. Mtoto akisoma huku midomo inacheza, rula ilitua mdomoni. Akiweka kidole kwenye mstari, ilitua kwenye vifundo. Kusoma kwa sauti kulikuwa kwa darasa la kwanza, na kidole kilikuwa cha mjinga. Mimi sikuwahi kupigwa. Soma taarifa ifuatayo kisha ujibu maswali: hapo ndipo nilipokuwa malkia. Nilisoma maswali kwanza, nikachukua neno zito la kila swali, nikashuka nalo katika habari mpaka nikalikuta, nikanyanyua sentensi nzima nikaiweka kwenye jibu. Sikuhitaji kujua habari inahusu nini. Kuna mtihani niliojibu wote juu ya chombo ambacho mpaka leo sijui kazi yake, nikapata alama zote. Hakuna aliyenishinda ufahamu katika wilaya yetu, na aliyeweka rekodi kabla yangu alikuwa mtoto wa mkaguzi wa shule.

Isitoshe, njia hiyo ilinilisha Birmingham. Katika makao ya wazee niliyofanyia kazi kule Shard End, kila mzee alikuwa na faili nene kama tofali. Wenzangu walizisoma ukurasa kwa ukurasa. Mimi nilijua ninachotafuta, dawa inayomdhuru, chakula asichokula, mguu asioukanyagia, na jicho langu lilienda moja kwa moja. Msimamizi wangu alisema hajaona mtu anayesoma faili haraka hivyo. Alisema mbele ya watu.

Kwa hiyo Jumamosi ya kwanza, chai ikiwa mezani, nilimwambia Mchina afunge mdomo. Tulizungumza Kiingereza, lakini nakumbuka kila neno.

"Kidole kiondoe. Kalamu ya siafu, weka kando. Simu ya tafsiri, nipe."

Akanipa kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi zawadi.

"Sasa, usisome habari."

Akanitazama. "Nisisome?"

"Usisome. Soma swali. Shika neno kubwa la swali. Neno hilo ni alama ya mguu wa mnyama. Lifuate ndani ya habari. Utakapolikuta, jibu limelala hapohapo."

"Na kama sielewi sentensi?"

"Kuelewa kuna wakati wake. Sasa hivi tunatafuta alama."

Alifikiri kidogo, kisha akainamisha kichwa. "Ndiyo, mwalimu."

Tangu siku hiyo hakuniita jina langu tena. Kwao mwalimu ni mwalimu, hata akiwa amevaa sare ya makao ya wazee yenye doa la uji. Alinimiminia chai kabla yake. Nikiingia jikoni alisimama. Nisidanganye, nilipenda. Nilikuwa nimetoka mbali, na katika mji ule kulikuwa na watu wachache sana waliosimama nikiingia.

Mama mwenye nyumba alituangalia wiki mbili, akikata vitunguu vyake, kisha hakuweza kujizuia.

"Madam, nakuuliza. Unamfundisha mtoto wa watu kusoma au kuwinda?"

"Mtihani ni msitu, mama."

"Haya. Ila mwindaji asiyejua swala na fisi, siku moja ataleta fisi nyumbani."

Tulicheka. Mchina alicheka pia, ingawa hakuwa ameelewa Kiswahili, kwa sababu mwalimu wake alikuwa anacheka.

Asubuhi bustani ikawa kimya. Ndani ya mwezi mmoja alikuwa anamaliza habari kwa dakika kumi na tano. Maswali nilimtungia mwenyewe, kutoka magazeti ya bure yaliyotupwa viti vya nyuma vya basi na vijitabu vya afya nilivyotoa kazini. Niliyatunga kama nilivyotungiwa mimi, neno la swali likiwa neno la habari, na jibu katika sentensi hiyohiyo. Alipata nane kwa kumi, tisa kwa kumi, kisha kumi. Nilibandika karatasi ya kumi kwa kumi kwenye friji. Nilimpigia dada yangu Kitale nikamwambia kwamba nimemtoa Mchina gizani, na dada yangu akaniambia nifungue shule.

Kulikuwa na kitabu cha majaribio alichopewa chuoni, chenye mitihani ya zamani. Aliniletea mwezi wa Machi, akakiweka mezani taratibu, akisema labda tungejaribu mmoja. Tukajaribu. Kati ya maswali kumi na matatu ya habari ya kwanza, alipata manne.

Nilikichukua kile kitabu nikapitia majibu. Niliona kilichotokea, na nasema hapa kwamba nilikiona. Neno la swali lilikuwa katika aya ya pili, na jibu lilikuwa katika aya ya tano, limevaa maneno mengine kabisa. Aya ya pili ilikuwa mtego uliotegewa watu wa aina yangu. Katika maswali mengine, ulitakiwa useme kwamba habari haikutaja jambo hilo kabisa, na shuleni kwangu jibu la namna hiyo lingekuletea rula. Nilikaa na kitabu kile mkononi kwa muda ambao ungetosha kabisa kusema neno la ukweli.

"Umechoka," nilimwambia. "Na haya ni maswali ya hila. Usijichanganye."

"Mwalimu, nikisoma yote, kama zamani..."

"Zamani ulianguka mara mbili."

Uso ukambadilika rangi. Halafu akainamisha kichwa kama kawaida, akakirudisha kitabu chumbani, na sikukiona tena.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikubadilisha njia siku ile. Nilikuwa na wiki saba mbele yangu, na akili ilikuwepo. Nadhani ni kwa sababu kukubali kungenigusa mimi mwenyewe zaidi kuliko yeye. Kama kuwinda maneno hakukuwa kusoma, basi zile alama zangu zote za wilaya zilikuwa alama za kitu gani? Hilo swali sikulitaka mezani. Niliendelea kumtungia maswali ninayoyajua, naye akaendelea kupata kumi.

Siku ya mtihani ilikuwa ya mvua nyembamba, ile isiyokunyeshea bali inakukalia. Nilitoka zamu saa nane nikamkuta jikoni na koti lake bado mwilini. Mama mwenye nyumba alikuwa amemwekea sambusa sahani nzima na alikuwa amechelewa makusudi kwenda kazini.

"Hajala hata moja," akaniambia kwa Kiswahili. "Muulize wewe, mimi ananitabasamia tu."

Nikamuuliza ilikuwaje.

"Nilimaliza mapema," alisema. "Nilimaliza kabla ya wote."

"Unaona!"

"Kulikuwa na habari ya watu waliokaa kwenye mashua, zile za mifereji ya hapa Birmingham, na kubeba makaa. Swali liliuliza kwa nini familia ziliacha mashua. Nikatafuta familia, mashua, kuacha. Vyote vilikuwa juu, katika sentensi moja, kwamba familia ziliacha vijiji zikaingia mashuani. Nikaandika hapo."

"Vizuri."

"Si vizuri. Jibu lilikuwa chini. Malori yalianza kubeba makaa, kazi ikaisha. Hakukuwa na familia hapo wala mashua wala kuacha. Lakini ndilo jibu."

"Ulijua lini?"

"Pale pale. Muda ulikuwa umebaki mwingi, nikasoma yote polepole. Nilielewa, mwalimu. Nilielewa habari nzima, hata mwandishi anawasikitikia wale watu. Haijawahi kunitokea."

Nilisikia mama mwenye nyumba akiacha kufuta meza. Hakuwa anajua tunazungumza nini hasa, Kiingereza cha Mchina kilimpita, lakini alijua sauti.

"Sasa kwa nini hukufuta ukaandika unachokijua?"

Alinitazama kana kwamba mimi ndiye sikuelewa.

"Wewe ni mwalimu wangu," alisema. "Ulisema nisijichanganye."

Kuna watu watakaosema huo ni ujinga. Mimi nimefundisha wanafunzi wengi tangu wakati ule, na wengi wao hunibishia kabla sijamaliza sentensi. Huyu alikuwa amelelewa kuamini kwamba mwalimu anaona mlima ambao mwanafunzi bado hajaufikia, na kwamba ukishindwa kuona sababu, kasoro ni ya macho yako. Alikuwa na penseli, kifutio na dakika za kutosha. Hakufuta.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu, Jumamosi, kwa barua pepe. Alishuka na kompyuta yake akaiweka kati ya vikombe. Alama ziliandikwa mwanzoni mwa ukurasa, na za kusoma zilikuwa ndogo kuliko za mara ya pili. Chini yake kulikuwa na barua ndefu ya chuo, lugha yake laini kama ya watu wanaozungumza karibu na maiti.

Jicho lilikuwa jicho langu lilelile. Nilikuwa na swali moja kichwani, kama kuna nafasi nyingine, nikashuka nalo barua yote kwa kufumba na kufumbua, na nikalikuta jibu: Uko huru kuomba tena nafasi katika kozi ya matayarisho.

"Omba tena!" nilipiga kelele. "Wanasema uombe tena! Mama, wamempa nafasi!"

"Alhamdulillahi!" Mama mwenye nyumba aliitupa taulo, akamkumbatia kwa nyuma, kiti na mtu pamoja. "Si nilisema? Mtoto wa adabu hatupwi. Leo sendi kazini, waoshe wenyewe masufuria yao."

Mchina alikaa ndani ya mikono ile bila kusogea. Macho yake yalikuwa bado kwenye mstari wa kwanza. Alisoma polepole, akashuka, akapanda tena kidogo, akashuka. Tulimngoja. Ilichukua dakika tano, pengine zaidi. Chai ilifanya utando juu.

"Mwalimu," alisema, "ni kweli wanasema ninaweza kuomba. Lakini aya inayofuata inasema maombi yatapokelewa nikiwa nje ya nchi. Na hapa juu, wanaposema wametimiza wajibu wao wa kisheria, wana maana wameshaiandikia serikali. Hawasemi wataandika. Wameshaandika." Akagusa mstari wa mwisho. "Hapa wananitakia mema katika mipango yangu ya baadaye. Mtu ambaye atarudi darasani Jumatatu hawamwambii hivyo."

Nikaisoma. Safari hii niliisoma yote, neno kwa neno, kama nilivyopaswa kusoma kila kitu maishani. Alikuwa sahihi. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba amefukuzwa, na barua nzima ilikuwa inasema hivyo. Kama ningekuwa natoa alama, ningempa kumi kwa kumi, na mimi nipate sifuri.

"Amesema nini?" mama mwenye nyumba aliuliza.

Nikamweleza kwa Kiswahili. Aliondoa mikono yake kwenye mabega ya msichana, akaokota taulo. Nilingoja anitukane. Alikuwa na haki, na alikuwa na maneno, maana Eastleigh haimnyimi mtu maneno. Alikwenda akazima jiko tu, akasimama ametuelekezea mgongo.

"Ni kosa langu," nilimwambia Mchina. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo kwa Kiingereza katika nchi ile, na nilikuwa nimekaa humo miaka mitatu.

"Hapana, mwalimu. Mimi sikusoma vya kutosha."

Alisema kwa upole, akiamini, na hakuna tusi la Eastleigh ambalo lingeniingia hivyo.

Kwao ilikuwa jioni. Alisema afadhali awapigie wazazi kabla hawajalala, maana mama yake alikuwa akihesabu siku za majibu. Niliinuka nimwachie jikoni.

"Kaa, mwalimu," alisema. "Tafadhali."

Nikakaa. Aliegemeza simu kwenye kopo la sukari. Mama yake akatokea, mwanamke mdogo mwenye miwani, akimenya kitu juu ya gazeti, na nyuma yake alipita mwanamume amebeba beseni. Msichana akatabasamu akasema jambo, mama akacheka. Msichana akanionyesha kwa mkono, mama akaacha kumenya, akaniinamia kichwa kwenye kioo, mara mbili, kwa heshima kubwa. Nami nikainama.

Walizungumza karibu nusu saa. Sikujua neno hata moja. Nilimtazama mama usoni, nikitafuta mahali habari itakapomfikia, nikisikiliza sauti ipande au ikatike, ili nijue sasa ameambiwa. Aliendelea kumenya. Alisema kitu kifupi, msichana akajibu kitu kirefu, baba akaja akasimama nyuma yake na beseni tupu. Mama alipangusa kisu kwenye gazeti. Kisha wakaagana, simu ikazimika, na mpaka leo sijui kama aliwaambia.